Kamera Ilisimama Wapi? Picha ya Vita na Nafasi ya Msimulizi

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wetu wa shule za upili aghalabu humtambua msimulizi wa nafsi ya kwanza na msimulizi maizi bila taabu. Hata hivyo, ukiwaonyesha picha ya vita gazetini, watakwambia kuwa picha haina msimulizi. Inaonyesha mambo jinsi yalivyo. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Picha ya vita ni matini. Ina mtunzi, ina mtazamo na ina yale inayoyanyamazia.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayeishi Pipeline, Eastlands, jijini Nairobi. Mwambie aeleze kijia cha kwao akiwa kwenye roshani ya ghorofa ya sita. Ataona vichwa vya wapita njia, nguo zilizoanikwa na miavuli ya wachuuzi. Kisha ashuke, asimame nyuma ya meza ya mama mboga. Sasa ataona nyuso, mtaro wa majitaka, na mteja anayeomba kukopeshwa sukuma wiki. Maelezo yote mawili ni ya kweli. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama.

Ndivyo ilivyo kwa mpigapicha anayesafiri na kikosi. Marekani ilipoivamia Iraki mwaka 2003, mamia ya wanahabari waliandamana na vikosi baada ya kukubali masharti kuhusu yasiyofaa kutangazwa. Kenya nayo ilipopeleka majeshi Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, baadhi ya wanahabari wetu walisafiri nayo. Mpigapicha wa aina hii hupanda magari ya wanajeshi na hulindwa na bunduki zao. Kwa hivyo, kamera yake hutazama kutoka nyuma ya bega la mwanajeshi. Mwanajeshi huwa mhusika mkuu mwenye uso na hisia. Mwanakijiji huwa mhusika mdogo, pengine moshi tu kwa mbali. Huyu ni msimulizi mwenye upeo finyu, ingawa msomaji humdhania kuwa maizi.

Je, tumlaumu kwa kutovuka ng'ambo ya pili? Hasha. Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba mjini Mogadishu. Wanahabari walikwenda kupiga picha za madhara yaliyowapata Wasomali. Umati wenye hasira uliwaua wanne: Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Maina na Macharia walikuwa Wakenya. Hawakuwa wamefuatana na kikosi chochote, lakini umati uliwahesabu kuwa wa upande wa mshambulizi. Ni bayana kwamba swali la upande wa kamera linaweza kugharimu uhai.

Hivyo basi, kazi yetu ni kumfundisha mwanafunzi kusoma, si kuhukumu. Lete picha ya gazeti darasani, uulize: Kamera ilisimama wapi? Nani ana uso, na nani hana? Nani ameachwa nje ya fremu? Kisha yaulize maswali hayo hayo kuhusu hadithi fupi mnayoisoma. Mwanafunzi wa kidato cha nne huenda kesho akavaa sare, au akaombwa kuunga mkono vita kwa sababu ya picha moja. Afike huko akiwa anajua kuuliza.