Kuwaka si Kuamka: Uhakiki wa Istilahi za Kiamshi na Vitalu vya Diski

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno yatumiwayo katika Kiswahili kueleza hitilafu mbili za kompyuta zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Ya kwanza ni hitilafu ya programu ndogo inayouita mfumo endeshi uanze kazi. Ya pili ni hitilafu ya orodha inayoonyesha jinsi diski ilivyogawanywa. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Lakini yafaa ieleweke kwamba mwenye kompyuta na fundi hukutana kwa maneno kabla ya kukutana kwa vyombo, na neno lisilo sahihi likitamkwa mbele ya diski yenye hitilafu laweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Tuchukulie mfano wa mwalimu wa sekondari mjini Iringa. Umeme umekatika wakati kompyuta yake ilipokuwa ikipokea masahihisho ya mfumo. Umeme unaporudi, taa za kompyuta zinawaka, feni inavuma, na kioo kinaonyesha mstari mmoja wa Kiingereza, kisha kimya. Mwalimu anaichukua hadi kwa fundi na kumwambia, "Fundi, kompyuta haiwaki." Fundi anaitazama na kujibu, "Mwalimu, diski imekufa. Tupige Windows." Mazungumzo hayo ni mafupi, nayo yana makosa matatu ya lugha. Kompyuta imewaka. Diski haijathibitika kuwa imekufa. Na hiyo "kupiga Windows", msemo uliozoeleka katika karakana zetu, maana yake ni kuandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani, pamoja na alama za mitihani zilizokuwamo humo zikiwa salama kabisa.

Ili kuyapima maneno, hapana budi kwanza kuvifahamu vitu vyenyewe. Kompyuta inapopata umeme, programu iliyotiwa kiwandani katika ubao wake mkuu huamka kwanza na kutafuta mahali pa kuanzia. Katika utaratibu wa zamani, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, mahali hapo ni sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Kati ya hizo, baiti 446 ni za maagizo ya kuanzia, baiti 64 ni za orodha ya migawanyo, na baiti 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Orodha hiyo ina nafasi nne tu, kila nafasi baiti 16. Katika utaratibu mpya uitwao GPT, orodha kwa kawaida ina nafasi 128, na nakala yake huwekwa mwisho wa diski. Katika kompyuta nyingi za Linux, programu inayopokea kazi kutoka kwenye ubao mkuu na kukiita kiini cha mfumo ni GRUB.

Kwa hiyo hitilafu zaweza kuwa za namna tatu. Yaweza kuwa programu ya kuanzisha imeharibika au imefunikwa na nyingine, kama itokeavyo mtu anapoweka Windows katika kompyuta yenye Linux. Yaweza kuwa orodha ya migawanyo imefutika. Au yaweza kuwa mpangilio wa mafaili ndani ya mgawanyo mmoja umevurugika. Katika hali mbili za kwanza mafaili kwa kawaida hayajaguswa. Istilahi zozote zisizotenganisha hali hizi tatu hazifai, hata zikiwa za Kiswahili fasaha.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Mafundi wa Mwanjelwa na wa Miyomboni husema "kubuti" na "patisheni". Mkopo si kosa. Diski, faili na kompyuta ni mikopo iliyokwisha kupata uraia. Lakini neno "buti" limetangulia kupata uraia kwa kazi nyingine: ni kiatu kizito, na pia ni sehemu ya nyuma ya gari ya kuwekea mizigo. Waingereza walilipata neno lao kutokana na kamba za viatu, katika masimulizi ya mtu anayejiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Masimulizi hayo hayakusafiri pamoja na neno. Mwananchi asikiapo "haibuti" hapati fununu yoyote, isipokuwa kwamba fundi anajua na yeye hajui.

Watafsiri wengine hutumia "kuwasha" na "kiwashio". Neno hili ni zuri kwa taa na jiko, lakini hapa linapotosha. Kompyuta ya mwalimu wetu ilikwisha kuwaka. Akiambiwa kwamba kiwashio chake kimeharibika, atafikiria swichi au kifaa cha umeme, na huenda akakinunua kipya bila sababu. Lugha yetu ina tofauti iliyo tayari: kuwaka na kuamka. Mtu aweza kuwa hai bila kuwa macho. Kompyuta yenye hitilafu hii imewaka, ila haijaamka. Kwa mintarafu hiyo twapendekeza kitenzi "kuamsha" na nomino "kiamshi" kwa ile programu inayouita mfumo. Umbo lake si geni kwa msemaji aliyezoea kula kiamshakinywa asubuhi.

Ama kuhusu mgawanyo wa diski, neno "kizigeu" lina watetezi wake. Kizigeu ni ubao au ukuta mwembamba wa kukitenga chumba. Kasoro yake ni kwamba kinataja ukuta, ilhali tunachotaka kutaja ni chumba. Neno la Kiingereza hubeba maana zote mbili, letu halibebi. Tena ndani ya diski hakuna ukuta wowote. Kuna eneo lenye namba ya mwanzo na namba ya mwisho, na kuna maandishi mahali pengine yanayosema eneo hilo ni la nani. Kwa mtumishi wa serikali hali hii si ngeni hata kidogo. Ni hali ya ardhi. Tunavyo vitalu vya uwindaji na vitalu vya madini, na katika miji yetu kiwanja hutajwa kwa namba yake na kitalu chake. Eneo la diski na liitwe "kitalu".

Pingamizi moja la haki laweza kutolewa hapa: wataalamu wana dhana nyingine, ile ya vipande vidogo sana ambavyo diski husomwa kwavyo, nayo yaweza kudai neno hili hili. Jibu letu ni kwamba dhana hiyo ya pili hutumiwa na wataalamu wachache, nayo yaweza kubaki na mkopo "bloku". Kitalu kinahitajiwa na watu wengi zaidi.

Kwa orodha yenyewe, wengi husema "jedwali". Ni neno sahihi katika hesabu, lakini humfanya msomaji afikirie kitu kilichochorwa juu ya data, na kwamba jedwali likipotea data nayo imepotea. Sisi twapendelea "daftari la vitalu". Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka masijala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya, na wilaya ya Mbozi, wakati ule ikiwa katika Mkoa wa Mbeya na tangu mwaka 2016 katika Mkoa wa Songwe, ilikuwa wilaya ya majaribio ya hati za hakimiliki za kimila. Mwanakijiji wa huko anajua kwamba daftari likiungua, kahawa haing'oki shambani. Kinachopotea ni ushahidi wa mipaka, na mipaka hutafutwa upya kwa kutazama alama zilizobaki ardhini. Ndivyo hasa ifanyavyo programu ya TestDisk: hutembea katika diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila kitalu, kisha huliandika daftari upya. Na katika GPT, ile nakala ya mwisho wa diski ni kama nakala iliyo wilayani. Neno linalomfundisha mtu jambo la kweli kabla hajaelezwa ni istilahi njema.

Baada ya nomino, tuutazame ujumbe wenyewe. GRUB isipokiona kitalu ilichoelekezwa, hutoa ujumbe ambao ukitafsiriwa neno kwa neno huwa "Hakuna kitalu kama hicho." Tafsiri hiyo yatisha, nayo yaweza kuwa ya uongo. Mashine haijui kama kitalu hakipo. Inajua tu kwamba imetafuta kwa namba iliyopewa na haikukiona. Huenda namba zimebadilika baada ya mtu kuongeza kitalu kingine. Kiswahili kina njeo za kulieleza hilo: "Kitalu kilichotajwa hakikuonekana." Vivyo hivyo, badala ya "mfumo wa mafaili haujulikani", na tuseme "hautambuliki". Kinachokosa maarifa hapo ni kiamshi. Mafaili hayana lawama.

Sasa tufikie jambo ambalo watafsiri wa programu husahau. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na ikaonekana kwamba Kiswahili chaweza kufanya kazi katika kompyuta za ofisi. Lakini tafsiri za namna hiyo huhifadhiwa katika mafaili. GRUB nayo huyaweka mafaili yake ya lugha ndani ya kitalu. Kitalu kisipoonekana, lugha nayo haionekani, na GRUB huingia katika hali ya uokozi ikisema Kiingereza, hata kama mfumo wote ulikuwa umetafsiriwa. Saa ambayo mwananchi anahitaji sana lugha yake ndiyo saa ambayo mashine haiwezi kumpa. Kwa hiyo istilahi hizi haziwezi kuachwa ndani ya kompyuta. Mahali pake ni kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na katika vinywa vya mwalimu na fundi.

Karatasi hiyo yaweza kuwa fupi. Kwanza: usiandike chochote katika diski, na mashine ikiuliza kama unataka kuifomati, kataa. Pili: iamshe kompyuta kwa Linux iliyo katika flashi, kisha uliangalie daftari la vitalu kwa amri ya lsblk au fdisk -l. Tatu: vitalu vikionekana na mafaili yakisomeka, yanakili kwanza, kisha kirudishe kiamshi kwa grub-install. Nne: daftari likiwa tupu, nakili diski nzima kabla ya kutumia TestDisk, au gdisk kwa diski za GPT. Tano: daftari likiwa zima lakini kitalu hakisomeki, kikague kwa fsck kikiwa hakitumiki, wala usifanye hivyo kabla ya kuthibitisha mipaka yake. Diski ikitoa mlio wa kugonga, izime mara moja.

Nyanda za Juu Kusini zina mahali pa kuyajaribia maneno haya. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na Iringa nayo ina chuo kikuu kinachofundisha teknolojia ya habari. Wanafunzi husoma fani hii kwa Kiingereza, kisha huenda kuwahudumia watu kwa Kiswahili, kila mmoja akijibunia njia yake. Twapendekeza maneno manne, yaani kuamsha, kiamshi, kitalu na daftari la vitalu, yapelekwe kwanza kwenye meza za mafundi kabla ya kuingizwa katika orodha rasmi. Kipimo kiwe hiki: mwalimu aliyepata mafunzo ya saa moja aweze kumwambia fundi, "Kompyuta yangu imewaka ila haijaamka, tafadhali litazame daftari kabla ya kupiga chochote." Fundi akielewa na kuuzuia mkono wake, istilahi zimefaulu. Asipoelewa, sisi ndio turudi mezani.