Chungwa halitoshi: namna tunavyofundisha fraksio kwetu

Ndugu na dada wahitimu, kila likizo wengi wetu tunarudi milimani, Alimbongo na vijiji vya jirani, na wazazi wanatuomba tusaidie watoto kwa hesabu. Kujumlisha na kutoa kunaenda. Tukifika kwenye fraksio, kila kitu kinasimama. Na sisi wenye diploma tuko na dawa moja tu: "Fundisha na vitu vya nyumbani, kata chungwa." Leo nataka kuikosoa dawa hiyo, juu naona haiponyi.

Siku ya kwanza chungwa ni zuri. Mtoto anaona nusu, anaona robo, anakula, anafurahi. Shida ni kwamba tunabaki palepale. Nusu ya chungwa kubwa si sawa na nusu ya chungwa dogo, lakini ni mara chache mwalimu anasema kwamba lazima kwanza tupatane juu ya kitu kizima. Tena chungwa linamfundisha mtoto kwamba fraksio ni kipande cha kitu kilichokatwa, basi. Mwandikie 5/4 atakuuliza: "Mwalimu, utatosha wapi vipande tano na ulikata paka ine?" Swali lake ni la akili, na chungwa halina jibu. Na kati ya 2/3 na 3/4, ipi kubwa? Jaribu kuonyesha kwa kisu na machungwa mawili, utaona.

Kisha tunaruka. Kutoka chungwa tunaingia moja kwa moja kwenye kanuni: tafuta namba ya chini ya pamoja, zidisha juu, zidisha chini, jumlisha. Katikati hakuna kitu. Mtoto akisahau kanuni anashika kile anachokijua, anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu anapiga msalaba mwekundu na kuandika 5/6. Lakini jambo kubwa zaidi halisemwi: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2! Mtoto alianza na nusu, akaongeza kitu, akabaki na pungufu ya nusu. Mama yake anayeuza mafuta sokoni hawezi kukubali hesabu ya namna hiyo hata dakika moja. Mtoto mwenyewe hangeikubali kama ingekuwa mafuta ndani ya chupa. Anaikubali juu ni fraksio, na kwake fraksio si kiasi cha kitu. Ni namba mbili zenye mstari katikati.

Mtu asiseme ni juu watoto wetu wako wazito. Mwaka 1978 Marekani walifanya mtihani wa kitaifa. Watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8, bila kupiga hesabu kamili, na wachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya fraksio hizo inakaribia 1, kwa hiyo jibu ni 2. Watoto 24 tu kwa 100 ndio waliochagua 2. Zaidi ya nusu walichagua 19 ao 21, maana yake walijumlisha namba za juu peke yake ao za chini peke yake. Hiyo ni nchi yenye vitabu na madawati. Basi umaskini unatuumiza, ndiyo, lakini njia ya kufundisha nayo ina kosa lake.

Kwetu kuna mzigo mwingine juu ya huo: lugha. Mtoto anaongea Kinande nyumbani, Kiswahili njiani na sokoni, na miaka ambamo fraksio zinakuwa ngumu ndiyo miaka ambamo kitabu kinaongea Kifaransa. Anasikia "tiers" na "quart", na hakuna kinachomwambia kwamba ndani yake mna 3 na 4. Lakini tusijidanganye kwamba kutafsiri kunatosha. "Nusu" na "robo" nazo zinaficha namba zake. Na tunaposema "moja juu ya tatu" tunasoma tu maandishi ya ubaoni: moja imekaa juu, tatu imekaa chini. Kiasi hakionekani. Wakorea wanasema kwa maneno yao: katika sehemu tatu, moja. Na sisi tunaweza kusema hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Ni maneno marefu, lakini yanabeba maana. Sheria ya elimu ya tarehe 11/2/2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kama lugha za kufundishia, kwa hiyo mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kifaransa hajavunja kitu.

Na badala ya chungwa? Kamba. Ao ukanda wa karatasi uliokatwa kwenye daftari la zamani. Urefu wote ni 1. Kunja mara mbili, weka alama ya nusu. Kunja sehemu tatu sawa (hapa watoto wanachelewa, waache wahangaike), weka alama. Sasa 2/3 na 3/4 zinalazwa sambamba na jicho linaona. 5/4 inaacha kuwa kitendawili: umemaliza kamba moja, unaendelea robo kwenye kamba ya pili. Ukikunja sehemu sita, nusu inachukua tatu, theluthi inachukua mbili, jumla tano katika sita. Njo pale mtoto anaelewa kwa nini tunatafuta namba ya chini ya pamoja: huwezi kujumlisha vipimo kabla ya kuvipima kwa kipande kimoja.

Tunapenda kujivunia mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin pale Semliki inapotoka katika Ziwa Edward, katika mkoa wetu huuhuu. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana ya mistari yake. Mimi naona aibu moja: tunautaja kwenye hotuba, na mtoto wa mwaka wa tano hajawahi kushika fimbo ya alama mkononi.

Najua mtakachosema. Tangu elimu ya msingi itangazwe ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Kweli. Lakini ukanda wa karatasi unapatikana hata kwa watoto 70, na machungwa 70 nani atanunua, tena huku kwenye baridi ambako hayaoti?

Tena tangu vita vilipofika kwetu mwishoni mwa 2024, kuna watoto waliopoteza miezi ya masomo, wakihama kuelekea Lubero na Butembo. Kanuni iliyokaririwa inapotea njiani. Mtoto aliyejua kwamba nusu ni mahali fulani kati ya 0 na 1 ataweza kukunja karatasi yake tena popote alipo na kuendelea.

Kwa hiyo likizo ijayo, mtoto akikuletea 1/2 + 1/3, usimwulize kwanza namba ya chini ya pamoja. Mwulize: "Jibu litapita nusu ao halitafika?" Kama hajui, msianze kupiga hesabu. Tafuteni kamba.