Hukumu ya Watazamaji

Mwezi huu twataka kunena habari ya sinema moja, na zaidi habari ya watu walioitazama. Huenda wengine wenu watauliza, Mambo ya sinema yana faida gani kwa mtu wa Ruponda, mwenye korosho zake na ufuta wake? Twajibu kwamba sinema nazo zimekwisha kufika vijijini mwetu. Hakuna kijana wa Nachingwea wala wa Ruangwa asiyejua kibanda cha video, na wengi sasa hutazama katika simu zao. Basi ikiwa watu hutazama, yapasa pia wajue kuhukumu. Maana kutazama ni kazi ya macho tu, bali kuhukumu ni kazi ya akili na ya moyo.

Sinema tutakayoinena ni Revenge of the Sith, yaani Kisasi cha Sith, iliyotolewa mwezi wa Mei mwaka 2005. Ni mojawapo ya zile ziitwazo Star Wars, hadithi ya vita vya nyota, aliyoitunga Mmarekani George Lucas. Sinema ya kwanza ilitoka mwaka 1977, ya pili 1980, ya tatu 1983. Katika hizo tatu alikuwamo mtu wa kuogofya, Darth Vader, aliyevaa nguo nyeusi na barakoa nyeusi, na pumzi yake yasikika kama mivukuto ya mhunzi. Hata mwisho watu wakajua kwamba huyo zamani alikuwa kijana mwema, jina lake Anakin Skywalker. Baadaye Lucas akarudi nyuma, akafanya sinema nyingine tatu za kueleza jinsi kijana huyo alivyoharibika: moja mwaka 1999, moja 2002, na hii ya 2005 ndiyo iliyokamilisha habari.

Wala hadithi hii si ya Wazungu peke yao. Katika sinema ya 1983 yumo msaidizi wa rubani aitwaye Nien Nunb, mwenye sura ya ajabu. Naye aliyempa sauti ni Mkenya, Kipsang Rotich, akinena Kikuyu, hata watazamaji wa Kenya wakafurahi kusikia maneno ya kwao kati ya nyota. Na katika ile ya 2015 Lupita Nyong'o, naye Mkenya, aliigiza mama mzee Maz Kanata. Basi twaweza kuinena hadithi hii pasipo kujiona wageni kwenye baraza ya watu.

Sasa tuzinene hukumu zenyewe. Watu walioipenda hadithi hii tangu utoto walikuwa wameingoja kwa hamu isiyo na kiasi. Katika mji wa Los Angeles walikuwako waliopanga mstari mbele ya nyumba ya sinema majuma mengi kabla ya siku yake. Siku ya kwanza tu, huko Marekani, watu walilipa dola milioni 50 hivi ili kuiona. Lakini pamoja na hamu hiyo walikuwa na uchungu wa zamani, kwa sababu ile ya 1999 iliwavunja moyo wengi. Wazee wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilileta matrekta na ahadi kubwa za karanga. Hata mwaka 1951 mpango ukaachwa, na paundi milioni 36 hivi zimekwisha kupotea. Ahadi ikiwa kubwa mno, hata mavuno ya wastani huonekana kuwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa sinema ile ya 1999: haikuwa mbovu kabisa, lakini haikuweza kulipa deni la matumaini ya miaka 16.

Lawama ya kwanza tuliyoisikia juu ya Revenge of the Sith ni hii, kwamba mwisho wake wajulikana. Husema, Twajua Anakin atakuwa Vader; basi tutazame nini? Sisi twaona lawama hii haina nguvu. Tazameni ngoma ya mapiko ya jirani zetu Wamakonde. Lipiko likitokea, mtoto asiyepita jandoni huona kiumbe cha kutisha, akakimbia. Aliyepita jandoni ajua kwamba nyuma ya sura ile ya mti yumo mtu wa kijijini. Je, huyu ajuaye hupungukiwa na utamu? La, yeye ndiye atazamaye kwa makini, aone jinsi mtu anavyogeuka kuwa lipiko. Sinema hii nayo yatuonyesha mtu akivishwa barakoa, na kwa kuwa twajua itamkaa usoni muda wote wa maisha yake, kila hatua yake yatuuma. Hadithi iishayo thamani mara ujuapo mwisho wake, ilikuwa fumbo tu, haikuwa hadithi.

Lawama ya pili ni juu ya maneno. Walisema kwamba Anakin na mkewe Padmé wanenapo mapenzi yao, husikika kama watoto wa shule wasomao kwa zamu. Na Vader, alipoambiwa kwamba mkewe amekufa, alipiga ukelele mrefu hata watu wengi wakacheka mahali palipowapasa kulia. Hapa twakubaliana nao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; nasi twadhani Lucas, ambaye ndiye mtungaji na mwongozaji, alikuwa amesifiwa miaka mingi mno hata akakosa mtu wa kumwambia, Bwana, maneno haya hayatamkiki. Na ushahidi umo ndani ya sinema yenyewe. Pana mahali Anakin yu peke yake chumbani, na mkewe yu mbali ng'ambo ya mji, kila mmoja akitazama upande wa mwenziwe jua likitua. Wao wenyewe hawasemezani hata neno moja, ila muziki wasikika. Nasi twafahamu woga wa wote wawili kuliko katika mazungumzo yao yote. Aliyeweza kufanya hivyo hakukosa akili ya hadithi, alikosa sikio la maneno.

Jambo hili lawahusu watu wetu kwa njia ya pekee. Vijana wengi wa Tanzania walizijua sinema za kigeni kwa sauti ya mtafsiri, kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyenena juu ya picha kwa Kiswahili, akiongeza mithali na maelezo yake. Mtafsiri hodari hufunika maneno mabaya ya mtungaji kwa maneno yake mema, na mtafsiri mvivu huharibu hata yaliyo mazuri. Basi mtu aliyepata hadithi kwa njia hiyo akisema, Sikuona ubaya wowote, husema kweli. Na Mwingereza aliyecheka asema kweli pia. Wametazama picha moja, wakasikia vitabu viwili. Kabla ya kubishana, yafaa watu waulizane, Wewe ulisikia nini?

Lawama ya tatu ndiyo tuionayo nzito kuliko zote. Anakin aliota kwamba mkewe atakufa kwa uzazi. Alikuwa amekwisha kuota kifo cha mama yake, nacho kikatokea kweli. Kwa hiyo hofu ikamshika. Mzee Palpatine, mwenye hila, akamdokezea kwamba iko elimu ya kuzuia kifo. Na kwa tamaa ya elimu hiyo Anakin akawasaliti ndugu zake, akaua hata watoto wadogo. Hayo yametungwa vema, maana yaonyesha kwamba uovu mkubwa waweza kuanzia katika upendo usiokubali kupotewa. Lakini huyo Padmé, aliyekuwa malkia na mjumbe wa baraza kuu katika sinema zilizotangulia, hapa amefanywa mwanamke wa kungoja nyumbani na kulia. Mwisho azaa mapacha, kisha afa. Na mganga wa chuma asema kwamba mwili wake ni mzima, ila amepoteza nia ya kuishi.

Wasomaji, sisi tukaao mbali na hospitali twajua kifo cha uzazi. Kina sababu: damu kutoka bila kukoma, kifafa cha uzazi, mtoto kukwama, gari kuchelewa. Mama afaye hafi kwa sababu hakupenda kuishi. Mara nyingi hupigania uhai wake mpaka nguvu za mwisho. Katika nchi ya hadithi iliyoweza kumtengenezea Anakin mikono na miguu ya chuma usiku uleule, kusema kwamba mama wa watoto wawili alikufa kwa huzuni tu ni kumfanya chombo cha msiba wa mumewe. Waliolalamika hawakuwa wadadisi wa mambo madogo, bali walimtetea mtu aliyesahauliwa na mtungaji wake.

Wako pia walioitafuta siasa. Sinema ilipoonyeshwa Cannes, Ufaransa, mwezi uleule wa Mei 2005, wengi walisema kwamba yaisema Marekani na vita vyake vya Iraki. Lucas alijibu kwamba mawazo yake yalianza tangu siku za vita vya Vietnam. Kwetu sisi majibu yote mawili ni madogo kuliko picha yenyewe. Palpatine asimama mbele ya baraza, aahidi usalama, ajifanya mfalme wa ulimwengu wote, na wajumbe wapiga makofi. Hakuna aliyewashika kwa bunduki, waliutoa uhuru wao wakishangilia. Mfano wa namna hii si wa taifa moja. Kila mwenye kuhudhuria mkutano, hata ule wa chama cha ushirika, hana budi kujiuliza, Je, nilipiga makofi kwa sababu gani?

Sasa twafikia jambo lililotufanya tushike kalamu. Kati ya watazamaji walikuwako ambao hawakuridhika kuilaumu kazi, wakamwandama mtu. Hayden Christensen, aliyeigiza Anakin, alichekwa miaka mingi kwa maneno asiyoyatunga yeye, hata akapewa tuzo ya dhihaka kuwa mwigizaji msaidizi mbaya wa mwaka. Na kabla yake, Ahmed Best, mtu mweusi aliyeigiza Jar Jar Binks katika ile ya 1999, alitukanwa hivi kwamba mwaka 2018 alieleza mbele ya watu jinsi alivyokaribia kujitoa uhai wakati ule. Fikirini, wasomaji: kijana apewa kazi, aifanya kama alivyoagizwa, na watu wajiitao wapenzi wa hadithi wamfikisha ukingoni mwa mauti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hadithi waliyoipenda yawaonya juu ya chuki kwa muda wa saa nyingi. Nao waliitazama mara kumi wasione kwamba yawanena wao.

Siku zikapita. Watoto waliotazama Revenge of the Sith mwaka 2005 wakawa watu wazima, wakasema kwamba wao waliipenda tangu mwanzo. Christensen akarudishwa mwaka 2022 katika hadithi ya Obi-Wan Kenobi, naye Best akarudi mwaka 2023 akiigiza mtu shujaa, na wengi wakawashangilia. Mwezi wa Aprili 2025 sinema yetu ilionyeshwa tena kwa kutimiza miaka 20, ikashika nafasi ya pili kwa mapato ya juma lile nchini Marekani, ingawa kila mtu angeweza kuitazama nyumbani. Wengine husema kwamba jambo hili lathibitisha ya kuwa wazee walikosea. Hatukubali kabisa. Maneno yaliyokuwa mazito mwaka 2005 ni mazito hata leo, na Padmé angali afa bila sababu. Lakini lathibitisha jambo moja: hukumu ya siku ya kwanza mara nyingi ni hukumu ya njaa, si ya ulimi. Mwenye njaa hula haraka, akalaani chumvi. Mwenye subira huonja, akataja kilichozidi na kilichopungua.

Basi twawaomba vijana wetu, watokapo kibandani, wajiulize maneno matatu kabla ya kusifu au kulaumu. Kwanza, hadithi hii ilitaka kufanya nini, nayo imekifanya? Pili, ni nani ndani yake amesahauliwa? Tatu, nikilaumu, je, naweza kuyasema maneno haya mbele ya yule aliyeifanya kazi, naye akatoka amefundishwa, si amevunjwa? Ashindwaye kujibu swali la tatu na anyamaze kwanza. Kwa maana hata sisi walimu tusahihishapo madaftari, kalamu yetu nyekundu hupita juu ya karatasi tu. Mtoto aliyeiandika haimpasi kutoka na jeraha.