Jiwe Linalolia la Moru

Kikundi kinachotoka Nyansurura kwenda Serengeti hupita Mugumu kungali giza, na jua huchomoza kikiwa kimekaribia lango la Ikoma. Wageni wa ng'ambo humuuliza mwongozaji simba wako wapi. Wazee wetu wa Kingoreme wana swali zito zaidi: hapa paliitwaje kabla ya hifadhi?

Kwa swali hilo ndipo ninapomtambua fundi. Hakimbilii kujibu. Huzima injini, husubiri vumbi litulie, kisha humgeukia mzee mwenyewe: "Shikamoo, babu. Kwenu mlipaitaje?" Gari zima hunyamaza kusikiliza. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, na mababu wa watu hawa waliwinda huku kabla ya hapo. Mwongozaji anayelijua hilo humwachia mwenye habari aisimulie, naye akajifunza pamoja na wengine.

Ila kazi yake naipenda zaidi tukifika Moru, kusini mwa Seronera, kwenye vilima vya mawe ya itale yaliyorundikana katikati ya mbuga. Hamteremshi mtu upesi. Huzunguka kwanza na gari, macho yakipita kivuli baada ya kivuli, maana simba nao hupenda ubaridi wa mawe hayo. Akiridhika, hushuka yeye, kisha wazee, kisha vijana, huku akihesabu vichwa kimyakimya. Hatamki neno mpaka wa mwisho amepanda na pumzi imemrudia.

Juu pale kuna jiwe kubwa lenye vishimo vya duara vilivyochimbika kwa kugongwa na mikono ya watu wasiojulikana majina. Mwongozaji asiyeiva angeanza hotuba. Huyu huokota kokoto iliyolala pembeni, huitia kiganjani mwa bibi aliye karibu, na kumwonyesha kishimo kimoja. Bibi hugonga. Jiwe hulia kama chuma, sauti nyembamba inayokawia hewani. Humwonyesha kishimo cha pili, na sauti inashuka. Watoto hugombania kokoto. Yeye husogea nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, akiwatazama. Nimeona mara nyingi jinsi anavyosubiri mpaka mtu mwenyewe aulize, "Nani walikuwa wakiligonga?" Sasa maneno yake machache yana mahali pa kukaa. Asipokuwa na jibu husema sijui, tena bila kuinamisha uso.

Si mbali na hapo, ukuta wa mwamba una ngao zilizochorwa na Wamaasai kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa na hifadhi hiyo. Mwongozaji haikwepi habari hiyo, wala haipambi. Huisema kwa sauti ileile aliyotumia kueleza rangi.

Safari ikiendelea hadi Oldupai, husimama ukingoni mwa bonde na kuonyesha tabaka kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayehesabu mikeka iliyotandikwa. Humo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Na zile nyayo za watu wa kale za Laetoli, zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, zimefukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo watu huona nakala yake kwenye makumbusho ya Oldupai. Hapo huwaomba waweke mguu wao kando ya alama, wajipime wenyewe. Nimemwona mkulima mmoja akivua kandambili kwanza, bila kuambiwa.

Ila mimi bado nabaki na Moru. Kabla kikundi hakijateremka, mwongozaji huwakusanya watoto na kuwaomba ile kokoto. Huigeuza mkononi, huifuta vumbi kwa kidole gumba, na kuirudisha pembeni ya jiwe, pale pale alipoikuta.