Mganda na Sarufi ya Video za Nyimbo

Video ya wimbo ina sarufi yake. Picha hukatwa kwa kufuata mapigo. Uso wa mwimbaji huletwa karibu hata ukajaza kioo. Mavazi na mahali hubadilika pasipo sababu kutajwa. Na mwimbaji huchezesha midomo kuandamana na sauti iliyokwisha kunaswa studio. Sarufi hiyo ilienea ulimwenguni hasa baada ya stesheni ya MTV kufunguliwa Marekani tarehe 1 Agosti, 1981, na wanamuziki wa Bongo Fleva wameitumia kwa ustadi. Lakini yafaa kuuliza kama yaweza kuieleza ngoma ambayo haikuzaliwa nayo.

Mganda, uchezwao Mbinga na ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na kwa majirani wa Malawi pia, ni kipimo kizuri. Ngoma hii ni ya ukoo mmoja na beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914–1918. Wanaume hujipanga safu, mavazi yao nadhifu, wakapiga hatua kwa pamoja huku wakivumisha malipenga, yaani vibuyu vilivyotiwa utando wa buibui.

Hapa ndipo desturi ya kwanza inapokwama. Uchezeshaji wa midomo wataka mdomo uonekane, na lipenga huuziba. Sauti ya mpigaji hupita kibuyuni ikageuka mvumo, wala mtazamaji hawezi kumjua msemaji kwa kumtazama. Mpigapicha ashikaye desturi hiyo hulazimika kumweka mbele mwimbaji mwenye kinywa wazi, na wenye malipenga wakawa pambo nyuma yake. Hivyo kilichokuwa kiini cha ngoma chageuzwa kivuli cha mtu mmoja.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Maana ya mganda imo katika safu: goti la huyu na goti la yule kuinuka pamoja. Kamera ikirukia uso, kisha kiatu, kisha mlima, usawa huo hauonekani tena. Mtazamaji huambiwa kwamba wachezaji walilingana, lakini haonyeshwi. Fred Astaire, mchezaji wa filamu za Marekani, alishikilia kwamba mwili wake uonekane mzima na picha isikatwe ovyo, kwa kuwa kila mkato humnyima mchezaji ushahidi wa kazi yake. Hoja hiyo ina nguvu mara nyingi zaidi pale wachezaji wanapokuwa kikosi kizima.

Si haki, hata hivyo, kuilaumu kamera kwa kila jambo. Picha ya karibu yaweza kumwonyesha mgeni utando ulivyobandikwa, jambo ambalo mtu aliyesimama mbali uwanjani haoni. Mashamba ya ngoro ya Wamatengo, katika vilima kama vya Kitura, nayo yana haki ya kuonekana, mradi yaeleze makao ya wachezaji badala ya kujaza nafasi tu.

Basi dawa yake ni kuichagua sarufi kwa kufuata ngoma: kamera isimame mahali pa juu, safu nzima ionekane, na mkato ungoje hatua itimie. Kijana atakayejifunza mganda kutoka kiooni atahitaji kuona miguu ya wote. Akipewa nyuso tu, atarithi jina la ngoma bila ya ngoma yenyewe.