Majani Nayo Hula

Bingobingo, jani la kulishia mifugo, likianza kupauka, asiye na jicho huona tatizo moja tu. Mwenye jicho huuliza kwanza: njano imeanzia wapi? Ikiwa imeanzia kwenye majani ya chini, yale makongwe, ikaingia toka ncha kufuata mshipa wa kati, basi shina lina njaa ya naitrojeni. Limewanyang'anya wazee likawapa watoto. Ikiwa ya chini bado yamekoza na machanga ya juu ndiyo yaliyofifia, mshuku salfa, maana salfa ikishajengwa ndani ya jani haihami kirahisi. Uchunguzi wote ni wa kuinama na kufunua majani kwa dole gumba. Hauna cheti, na sijui kwa nini, kwani nimeona vyeti vikitolewa kwa mambo mepesi zaidi.

Kumsenga na kwingineko Kibondo, hadi Kasulu, jicho hilo halikosi kazi. Mvua za huku Buha ni za msimu mmoja. Zikikatika mwezi wa Mei, nyasi za miombo hukomaa na kuwa makapi, na protini yake hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho chini yake vijidudu vinavyosaga chakula tumboni mwa ng'ombe hukosa nguvu. Mnyama anajaza tumbo na bado anakonda. Ndipo watu huwasha moto ili zichipue mbichi, na kweli huchipua. Lakini majivu hubakiza fosforasi na potasiamu. Naitrojeni karibu yote iliyokuwa ndani ya nyasi zilizoungua, pamoja na sehemu kubwa ya salfa, hupanda na moshi. Anayechoma kila kiangazi anauza vitu viwili hivyo bila kupokea senti.

Naitrojeni ina wasemaji wengi. Salfa hukumbukwa kwa kuchelewa, ingawa habari zake ni za zamani. Mwaka 1933 H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani kule Usambara aliyejulikana kwa utafiti wa virusi vya mahindi, alieleza pamoja na R. Leach kwamba chai iliyokuwa ikigeuka njano Nyasaland, Malawi ya leo, ilikuwa imekosa salfa. Hata hivyo, mfuko unaokimbiliwa dukani mara nyingi ni urea: naitrojeni asilimia 46, salfa hakuna. SA, yaani salfeti ya amonia, ina naitrojeni asilimia 21 tu, lakini inakuja na salfa asilimia 24. Protini ya jani haijengeki bila vyote viwili, takribani sehemu kumi na tano za naitrojeni kwa moja ya salfa. Ukizidisha ya kwanza na ya pili haipo, jani hurundika nitrati na vipande vya protini ambavyo havikuunganishwa.

Na Buha ni nchi ya muhogo. Maganda na majani yake humfikia mbuzi au ng'ombe yakiwa na sianidi, na mwili wa mnyama huipunguza makali kwa kuifunga na salfa. Kwa hiyo mfugo uleule unaokula nyasi zenye salfa haba huitumia salfa hiyo kujikinga na chakula kingine. Sijasikia jambo hili likitajwa kwenye mikutano ya wafugaji, na linastahili.

Ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko zizini. Ile harufu inayowasha macho asubuhi ni naitrojeni ikitoroka, na nyingi inatoka kwenye mkojo. Fundi hutandika nyasi kavu au maganda ya maharage yaunywe, huweka kivuli juu ya lundo la samadi, hulikinga na jua na mvua, wala haligeuzi kila siku kwa kujionyesha kuwa mchapakazi. Chini ya matandiko hayo sakafu huwa na mteremko kidogo, na mwisho wa mteremko kuna chombo chenye kifuniko cha kupokea mkojo.

Zipo nyasi zenye ulinzi wa aina hiyo mizizini. Mwaka 2009 watafiti wa Japani na Kolombia walitangaza kwamba brakiaria mojawapo yenye asili ya Afrika hutoa kemikali, brakialaktoni, inayowachelewesha bakteria wa udongoni wasigeuze amonia kuwa nitrati inayosombwa na mvua. Ndugu yake mwingine ana jina la mto Ruzizi, unaomwaga maji Ziwa Tanganyika. Alipandishwa na brakiaria nyingine huko Kolombia, na uzao huo, Mulato, ukarudi Afrika kama mbegu ya kununuliwa.

Mbegu hiyo haimalizi ugomvi wa nyumbani juu ya samadi. Kila mzigo wa majani unaobebwa kwenda zizini huondoka na naitrojeni na salfa ya kiunga yalikokatwa, na samadi ikitoka, migomba ndiyo hutangulia kuhudumiwa. Mkata majani hudai haki yake kwa njia ya busara: samadi nzito iende ndizini, yeye apewe mkojo. Huuchanganya na maji, huuchukua jioni baada ya kukata, huumwaga kwenye mfereji mfupi kando ya mashina, kisha huufukia papo hapo kabla haujaanza kunuka.