Adabu ya Barua na Hesabu ya Watu

Barua za biashara huwa na adabu nyingi. Nimezisoma za Henry Laurens wa Charleston, South Carolina, zilizochapishwa katika majalada 16 kati ya mwaka 1968 na 2003, na ni adabu yao hiyo iliyonikera.

Katika miaka ya 1750 Laurens aliandikiana na Richard Oswald, Mskochi aliyekuwa na ofisi London. Oswald na wenzake walimiliki ngome ya Bance Island, katika mto wa Sierra Leone, walikokusanywa watu wa kuuzwa. Laurens aliwapokea Charleston, akawauza kwa wenye mashamba ya mpunga na kuchukua kamisheni ya asilimia 10. Lugha yake haitikisiki: salamu, shukrani, bei ya mchele, bei ya nili, bei ya binadamu. Wanaomtetea hutaja barua aliyomwandikia mwanawe John mwezi Agosti 1776, akisema anauchukia utumwa. Ni kweli aliandika hivyo. Tutazame basi alichofanya baadaye.

Mwaka 1780, vita vikiendelea, Waingereza walimkamata baharini akielekea Uholanzi, wakamfunga katika Mnara wa London. Oswald akamdhamini. Undugu kufaana, wahenga walisema. Novemba 1782 wakakutana Paris: Oswald akiiwakilisha Uingereza, Laurens akiwa mmoja wa wajumbe wa Marekani. Dakika za mwisho Laurens akaomba kiongezwe kifungu kwamba majeshi ya Uingereza, yakiondoka, yasichukue watu weusi wala mali nyingine. Oswald akaridhia. Lipime neno hilo “nyingine”, ndugu msomaji. Ni lugha ileile ya barua za zamani, sasa imeingia katika mkataba wa mataifa.

Lakini Jenerali Guy Carleton, huko New York, alikataa kuwarudisha waliokwisha ahidiwa uhuru. Ili madai ya fidia yaweze kushughulikiwa, mwaka 1783 wakaandikwa katika daftari watu wapatao 3,000, kila mtu na jina lake na umri wake. Baadhi yao walifika Sierra Leone mwaka 1792 wakaanzisha Freetown, karibu na mdomo wa mto uleule.

Atakayezisoma barua za Laurens na alisome daftari hilo pia. Humo wamo kwa majina watu wa aina ile ambayo barua ziliihesabu tu.